Land Cruiser mkonga linachemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kuzingatia Land Cruiser za familia ya 70, zile zinazoitwa mkonga (HZJ75, HZJ78 na HZJ79), zenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, cc 4,164, isiyo na tabo (turbo). Ndizo zinazobeba watalii, wagonjwa, askari wa wanyamapori na mizigo ya minadani katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya. Mwenye Prado, Defender au pikapu ya 4x4 naye atapata mengi ya kumfaa, na pale gari lake linapotofautiana tumesema.

Gari langu linachemsha. Nianze kuangalia wapi?

Kabla ya kushika spana, jibu swali moja: linachemsha wakati gani? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa bila gharama yoyote.

Likichemsha kwenye mwendo mdogo, kwenye tope, mchanga au foleni, kisha likapoa ukishika lami na kukimbia, tatizo ni upepo. Feni haivuti inavyotakiwa au uso wa rejeta umeziba.

Likiwa sawa mjini lakini likapanda joto ukifika kilomita 90 kwa saa au ukianza mlima mrefu kama Kitonga, tatizo ni maji. Hayapiti ya kutosha: rejeta imeziba kwa ndani, mikanda inateleza, pampu imechoka, au mpira wa chini (bomba la raba linalotoa maji kwenye rejeta kwenda kwenye injini) unajibana.

Likichemsha ndani ya dakika chache baada ya kuwashwa likiwa baridi, fikiria themostati (vali inayofunguliwa na joto ili maji yapite kwenye rejeta) iliyogoma kufunguka, hewa iliyonaswa ndani, au gasketi ya silinda hedi, yaani ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Likichemsha siku moja moja bila mpangilio, angalia kwanza kifuniko cha rejeta na klachi ya feni.

Joto kupanda kidogo baada ya kuzima injini ni kawaida. Maji yamesimama, lakini chuma bado kinatoa joto.

Niko porini na mshale umepanda sasa hivi. Nifanye nini?

Zima AC, fungua hita kwenye joto la juu kabisa na feni yake kasi ya mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Simama, geuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka, weka gia huru na shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika mbili tatu. Mara nyingi mshale unaanza kushuka. Ukishuka, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Usipoanza kushuka katika muda huo, zima.

Lakini ukiona mvuke, maji yakimwagika, au ukisikia harufu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), zima injini papo hapo. Kuendelea kuunguruma bila maji ndiko kunakopinda hedi. Na chagua pa kusimama: nyasi kavu ndefu chini ya ekzosi ya moto huwaka.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Subiri angalau nusu saa, ubane mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu, presha ipo. Ukianza kufungua, funika kwa kitambaa kinene, zungusha mpaka kituo cha kwanza, acha presha itoke, ndipo umalizie.

Mshale ulikuwa juu, halafu ukashuka ghafla wenyewe. Limepona?

Huenda ndiyo hali mbaya kuliko zote. Sensa ya joto hupima maji. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaanguka, huku hedi ikizidi kuungua. Simama na uangalie.

Kuna kasoro nyingine ya geji hizi. Mshale wa Toyota nyingi umetengenezwa utulie katikati ili usimtie dereva wasiwasi, kwa hiyo ukianza kupanda, joto limekwisha kupanda kitambo. Kwa gari la porini tunashauri kufunga geji ya kidijitali inayoonyesha nyuzi halisi, pamoja na kengele ya maji kupungua. Ni bei ndogo ukilinganisha na hedi.

Rejeta yangu inaonekana safi. Inawezekana imeziba kwa nje?

Inawezekana sana, na hii ndiyo sababu ya kwanza kabisa kwa magari ya mbugani, hasa Mei hadi Julai baada ya masika, nyasi zikiwa ndefu na zimebeba mbegu. Mbegu hupita kwenye grili, hupita kwenye kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta), kisha hunasa kati ya kondensa na rejeta. Ukiangalia kwa mbele unaona kondensa safi. Nyuma yake kuna blanketi.

Jaribio ni rahisi: usiku, mtu mmoja amulike tochi kali kutoka upande wa injini, mwingine atazame kwa mbele. Pale mwanga usipopita, upepo nao haupiti.

Kuosha, mwaga maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume na njia uchafu ulivyoingia. Tumia maji ya bomba yenye presha ya kawaida. Mashine za kuoshea magari zikishikwa karibu hulaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala haliruhusu upepo tena. Tope la mfinyanzi mweusi lililokauka linahitaji kulowekwa kwa maji ya sabuni dakika 20 kabla ya kusuuza. Kama mbegu zimejaa katikati, hakuna njia ya mkato: fungua bolti za kondensa, isogeze mbele bila kukata mabomba ya gesi, na utoe uchafu kwa brashi laini.

Wavu wa nailoni wenye matundu madogo mbele ya grili huzuia mbegu vizuri, mradi uutikise kila unaposimama. Wavu uliojaa ni sawa na rejeta iliyojaa. Ukirudi lami, uvue.

Nitajuaje klachi ya feni imekufa?

Feni ya 1HZ haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi bapa inayosikia joto la upepo unaotoka kwenye rejeta. Joto likipanda, springi hufungua njia ya mafuta na feni hushika kwa nguvu.

Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono. Iwe na uzito kidogo. Ikizunguka yenyewe kama baiskeli iliyoinuliwa gurudumu, mafuta yameisha. Baada ya safari yenye joto, zima na ujaribu tena (angalia usiungue): sasa iwe nzito zaidi kuliko asubuhi. Ikiwa uzito ni uleule, haishiki. Shika ncha ya pangaboi na utikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya klachi au ya pampu ya maji imechoka. Michirizi ya mafuta yenye vumbi katikati ya klachi ni ushahidi mwingine.

Asubuhi ukiwasha, mngurumo wa feni kwa muda mfupi ni wa kawaida. Kinachotakiwa ni mngurumo huohuo urudi gari likiwa na joto kwenye mlima. Usipousikia kamwe mchana kutwa na mshale unapanda, umempata mshukiwa.

Jambo linalosahaulika: tope likikauka juu ya ile springi ya mbele, haisikii joto, na klachi nzima inaonekana imekufa. Isafishe kabla ya kununua mpya. Klachi nyingi za Toyota zinaweza kufunguliwa na kujazwa mafuta ya silikoni upya, ila tumia mafuta ya silikoni ya klachi za feni tu. Oili ya injini au ya gia haifanyi kazi hiyo.

Lile kava la plastiki kuzunguka feni lina umuhimu gani?

Mkubwa. Bila kava, feni huvuta upepo wa pembeni ulio rahisi kuupata badala ya kuvuta kupitia rejeta nzima. Magari mengi hupoteza kava siku pampu inapobadilishwa, kisha yanaanza kuchemsha kwenye mwendo mdogo, na lawama inaangukia rejeta. Angalia pia kilichofungwa mbele: taa kubwa, winchi, madumu, sahani ya namba katikati ya grili. Kila kimoja kinakula upepo.

Fundi amesema tutoe themostati. Ni sawa?

Hapana, na ushauri huu umeua injini nyingi. Themostati ya injini hizi ina kisahani cha pili ambacho, yenyewe ikifunguka, hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mwendo mdogo gari linaweza kuonekana limepoa, hata likakawia kupata joto asubuhi, lakini mlimani linachemsha zaidi. Ukiwa umekwama porini na themostati iliyogoma kufunguka, kuitoa ili ufike mjini inakubalika. Ukifika, nunua mpya, halisi, yenye nyuzi zilezile zilizochongwa kwenye ya zamani.

Naipimaje themostati kabla ya kuilaumu?

Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto polepole ukikoroga. Soma namba iliyochongwa, kwa mfano 82. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo, ikiachana nyuzi mbili tatu tu, na ikifunguka kabisa mwanya uwe karibu milimita 8 hadi 10. Itoe majini, lazima ijifunge yenyewe kabisa. Ukiwa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo themostati ya nyuzi za juu inaweza isifunguke kabisa kwenye sufuria na bado ikawa nzima.

Ukiirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu. Hapo ndipo hewa inapotokea.

Nitajuaje rejeta imeziba kwa ndani?

Kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola, ni kifaa bora kwa kazi hii. Gari likiwa na joto kamili na injini ikizunguka, pima uso wa rejeta kwa mistari kutoka juu hadi chini. Doa lenye baridi katikati ya eneo la moto ni mirija iliyoziba.

Kisha pima mpira wa juu na wa chini, injini ikiwa imebebeshwa kazi au mara tu baada ya mlima. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 hivi ni ya kawaida. Tofauti ikiwa kubwa mno, 20 au zaidi, maji yanapita polepole: yanakaa muda mrefu kwenye rejeta, yanapoa vizuri, lakini hayafiki ya kutosha. Tofauti ikiwa ndogo sana huku joto liko juu, maji yanapita ila upepo hauchukui joto. Vipimo viwili tu, na umejua upande wa kushughulikia. Lenga mpira mweusi au mahali palipopakwa rangi. Chuma kinachong'aa hudanganya miale, na kama hakuna budi kibandike utepe mweusi kwanza.

Huna kifaa? Mpira wa juu ukiwa wa moto mkali na wa chini ukiwa baridi baada ya dakika 20 za kuendesha, maji hayazunguki: ama themostati imegoma, ama rejeta imeziba.

Mwombe pia mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 huku ukiutazama mpira wa chini ukiwa mbali na feni. Ukiona unajibana, springi ya ndani imeoza au mpira umelainika. Kosa hili hujitokeza kwenye mwendo mkubwa tu, na ukisimama limetoweka.

Na pampu na mikanda?

Mikanda ya feni ya 1HZ ni miwili; badilisha yote kwa pamoja hata kama mmoja unaonekana mzima. Ukibonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ubonyee kama milimita 10. Upande wa ndani uking'aa kama kioo, unateleza. Pampu ina kitundu kidogo cha kuvujia chini ya shafti: alama ya kulanti iliyokauka hapo inasema sili imeanza kufa, hata kama hakuna tone chini ya gari.

Kwa nini linachemsha Ngorongoro tu, wakati Dar halina shida?

Maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 92. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 huongeza presha na kusogeza kiwango hicho hadi karibu 115. Pwani hufika karibu 119. Sasa chukua kifuniko kilichochoka, kisichoshika presha. Pwani maji yake huchemka kwenye 100, na injini inayofanya kazi kwenye 90 inapita salama. Panda ukingoni na injini ileile iko nyuzi mbili tu chini ya mchemko, tena kwenye gia ya pili ikiwa na abiria saba.

Kwa hiyo kifuniko ndicho kipuri cha bei ndogo chenye madhara makubwa. Raba yake ikipasuka au kuwa ngumu, kitupe. Nunua chenye namba ileile. Cha namba kubwa zaidi hakiponyi gari, kinapasua mipira mizee. Dalili nyingine ya kifuniko kibovu: maji yanaenda kwenye kitanki cha akiba lakini gari likipoa hayarudi, na mpira wa juu asubuhi umenywea.

Nitumie maji gani?

Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Sehemu nyingi hatuna baridi ya kugandisha, lakini kulanti inazuia kutu, inapandisha kiwango cha mchemko na kulainisha sili ya pampu. Ukikosa maji ya dukani, ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa. Ya visima vya Bonde la Ufa, hasa kuelekea Natron na Magadi, yana chumvi na magadi mengi. Yakichemkachemka huacha utando mgumu kwenye mirija, ule unaouona kwenye birika. Ukilazimika kuyatumia, yatumie kufika, kisha suuza mfumo mzima. Usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kufuata rangi tu. Baadhi zikikutana hutengeneza uji.

Mayai, bizari na dawa za kuziba mivujo zinazotiwa kwenye rejeta huziba tundu na pia mirija ya rejeta na hita. Mpira ukipasuka, ufunge kwa utepe wa raba unaojishika wenyewe, legeza kifuniko hadi kituo cha kwanza ili presha isipande, na uende taratibu ukiongeza maji.

Usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto mkali. Hedi ya 1HZ ni ya chuma cha kusubu, inavumilia kuliko za aluminiamu, lakini nayo hupasuka.

Nitajuaje gasketi ya silinda hedi imeungua?

Washa gari likiwa baridi kabisa asubuhi. Shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja mbili, kabla maji hayajapata joto, presha hiyo inatoka kwenye silinda. Hakuna kingine cha kuileta mapema hivyo. Dalili nyingine ni mapovu yasiyokoma kwenye kitanki cha akiba, maji kupungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Si lazima uzione zote. Mara nyingi 1HZ huanza na moja tu: kusukuma maji nje baada ya mlima mrefu.

Thibitisha kwa kifaa cha dawa inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moshi. Hakikisha dawa ni ya dizeli, kwa sababu dawa ya petroli huweza kukosa kuonyesha. Halafu pima presha: pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, ijaze hadi namba ya kifuniko, subiri dakika 10. Ikishuka bila tone la nje, maji yanaingia ndani.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu na ikaguliwe nyufa kabla ya gasketi mpya. Kufunga gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kununua gasketi mbili. Prado zenye 1KZ-TE na Defender za 300Tdi zina hedi za aluminiamu. Kwa hizo, dakika chache za kuchemsha bila maji zinatosha kuzipinda.

Nimebadilisha kila kitu na bado linachemsha.

Rudia kutoa hewa. Egesha pua ikiwa juu, fungua hita, acha kifuniko wazi, jaza polepole, washa na uache izunguke taratibu ukibanabana mpira wa juu mpaka mapovu yaishe. Funga, jaza kitanki hadi alama, zunguka kidogo, na kesho asubuhi likiwa baridi angalia tena. Defender za 300Tdi zina vizibo vya kutolea hewa kwenye rejeta na kwenye nyumba ya themostati, usiviruke.

Kama hewa imetoka, tazama upande wa mafuta. Pampu ya dizeli iliyofunguliwa mafuta mengi ili gari liwe na nguvu, nozeli zinazomwaga au taimingi iliyokosewa huongeza joto ambalo rejeta nzima haitalimudu. Moshi mweusi mlimani ni ushahidi. 1HZ iliyofungwa tabo la mtaani huongeza hatari hiyo, na vyumba vyake vya awali vya mwako vinajulikana kwa kupasuka.

Breki inayokamata na tairi zenye upepo mdogo kwenye lami pia huongeza mzigo. Kwa gari la gia otomatiki, mafuta ya gia hupoozwa kwenye tanki la chini la rejeta, kwa hiyo mchanga mrefu hupeleka joto lake hukohuko.

Uendeshaji unaweza kusababisha?

Ndiyo. Kwenye mchanga au tope zito, tumia gia nzito (za chini, zenye nguvu) mapema. Injini ikizunguka 2,000 kwenye gia nzito, feni na pampu zinafanya kazi. Ikikokota 1,100 kwenye gia nyepesi huku umekanyaga hadi sakafuni, joto ni jingi na upepo ni kidogo. Upepo ukikufuata kwa nyuma kwenye barabara ya vumbi, tarajia mshale kupanda kidogo.

Kabla ya kuvuka mto wenye kina, funga turubai mbele ya grili. Feni inayozunguka ikipigwa na maji, mapangaboi hupinda kuelekea mbele na kukata rejeta. Kwenye kina kirefu, legeza mikanda kabisa na uvuke bila feni. Ng'ambo ya pili, vua turubai na urudishe mikanda kabla hujasogea hatua nyingine.

Nibebe nini?

Mpira wa juu na wa chini, mikanda miwili, kifuniko, themostati na gasketi yake, vibano vya mipira vinne, utepe wa raba, brashi laini, na maji safi lita 20 ambayo hayahesabiwi katika maji ya kunywa.